Asilimia 15 au 70? Shida ya kumhoji mama mlangoni

Ukisoma kwamba "wateja wengi wameridhika na huduma" za kituo fulani cha afya, usikubali haraka. Uliza kwanza: waliulizwa wakiwa wapi?

Tunazo tafiti mbili za hapa Tanzania kuhusu kina mama kutendewa vibaya wakati wa kujifungua, yaani kufokewa, kudharauliwa, kuachwa bila msaada, hata kupigwa. Timu ya Margaret Kruk ilifanya kazi Korogwe na Muheza, mkoani Tanga. Kina mama 1,779 walihojiwa wakitoka kituoni, na asilimia 19 wakasema walitendewa vibaya. Kati yao 593 walihojiwa tena nyumbani wiki kadhaa baadaye. Ikawa asilimia 28. David Sando na wenzake walichapisha matokeo ya Dar es Salaam mwaka 2016: saa chache baada ya kujifungua ni asilimia 15, nyumbani asilimia 70.

Sasa, tusiikimbilie hiyo 70. Waliohojiwa nyumbani Dar walikuwa 64 tu, huku hospitalini wakiwa kama 2,000. Namba hiyo huwezi kuibandika nchi nzima. Ila kote kuwili mwelekeo ni mmoja: mama akishafika kwake, anasema zaidi.

Kwa nini? Fikiria mama wa huku Kinyangiri, wilayani Mkalama. Ametoka wodini, mtoto yuko hai, anashukuru Mungu. Kesho kutwa atarudi kwa manesi wale wale na kadi ya kliniki. Kwenda kituo kingine ni nauli ya bodaboda. Ukimuuliza pale mlangoni kama alifokewa, atakujibu nini? Hilo ni jibu la adabu, na sisi tunaliandika kama data.

Hapo ndipo ninapozikosoa hata tafiti hizi nzuri: zimeanza na waliofika. Ubaguzi hufanya kazi mapema zaidi. Mtu hafokewi tu. Anasemwa kwa umaskini wake, kabila lake, au kuzaa akiwa bado binti mdogo. Mkalama hii hii kuna Wahadzabe kule Munguli. Mmoja wao akichekwa kwenye foleni, akaamua ujauzito ujao atabaki nyumbani, dodoso letu litamkutia wapi? Ametoka kwenye hesabu kabisa, na asilimia ya walioridhika imepanda!

Kwa hiyo, wenzangu mnaoandaa dodoso mwaka huu: hojini nyumbani, na anayehoji asiwe mtu wa kituo. Ongezeni swali la "mtoto ajaye utajifungulia wapi, na kwa nini?" Kisha bisheni hodi na kwa aliyejifungulia nyumbani. Ni gharama, najua. Mafuta ya pikipiki peke yake yatakula bajeti. Lakini bila yeye tutaendelea kuwapa wilaya ripoti za walioridhika, huku mama mwingine akijifungua bila mkunga.