Arua au Bunia: Namna ya Kuipima Shule kwa Mzazi wa Ariwara

Mfanyabiashara wa Ariwara, kwetu Kongo karibu na mpaka wa Uganda, hanunui kitenge kabla hajakigeuza akakitazama upande wa ndani. Lakini akienda kumtafutia mtoto shule, mtu huyohuyo hutosheka na geti lililopakwa rangi mpya, sare zilizopigwa pasi na basi lenye jina la shule ubavuni. Akirudi nyumbani anaanza kubishana na jirani: Arua ya Uganda au Bunia ya Kongo, Kiingereza au Kifaransa. Ubishi huo nimeusikia sana, na hauishi, kwa kuwa wanaobishana wamelinganisha miji. Shule hawajaitazama.

Kuvuka mpaka kwa ajili ya masomo si jambo geni kwetu. Walugbara na Wakakwa wako pande zote mbili tangu kabla West Nile haijaingizwa Uganda mwaka 1914. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979, familia nyingi za West Nile zilikimbilia teritwari ya Aru, na baadhi ya watoto wao wakakaa kwenye madawati ya upande huu kujifunza kwa Kifaransa. Leo msafara umegeuka. Arua, iliyopewa hadhi ya jiji Julai 2020, iko karibu na Ariwara kuliko Bunia, na ili ufike Bunia kwa barabara lazima upite Aru, Mahagi, kisha Djugu, ambako vurugu zilizoanza mwishoni mwa 2017 zimezikosesha familia nyingi usingizi. Mzazi anayeikataa Bunia kwa kuihofia njia hiyo simlaumu hata kidogo. Namlaumu anayeichagua Arua kwa sababu ya Kiingereza peke yake, kana kwamba kila shule yenye kibao cha Kiingereza inafundisha.

Ukifika shuleni, Arua au Bunia, omba kuona madaftari. Usikubali la mtoto wa kwanza darasani. Hilo huwa limeandaliwa kwa wageni, na mtoto wa namna hiyo angejifunza hata chini ya mti. Omba ya watoto wa katikati, wale ambao mwalimu hawataji kwa sifa wala kwa lawama. Na chagua darasa kwa makusudi. Kwetu Kongo, miaka ya mwanzo ya shule ya msingi hutumia lugha ya taifa au ya mazingira, kisha Kifaransa kinashika usukani. Uganda, kwa mtaala ulioanza 2007, shule za vijijini hufundisha kwa lugha ya mama hadi darasa la tatu, na la nne ndilo la kuvukia kwenye Kiingereza, ingawa shule nyingi za mjini huanza na Kiingereza siku ya kwanza. Darasa hilo la kuvukia ndipo watoto wengi hupotea kimyakimya, na ndipo mwalimu hodari hujulikana.

Sasa soma. Kama madaftari matano yana sentensi zilezile mpaka nukta, umeona kazi ya kunakili ubaoni. Tafuta ukurasa ambao mtoto ametunga mwenyewe, hata kama amekosea. Makosa yake mwenyewe yana thamani kuliko usahihi wa kunakili. Kisha fuata kalamu nyekundu. Alama ya vema moja kubwa chini ya ukurasa ina maana mwalimu amepita tu. Kosa lililopigiwa mstari, likaandikwa upya na mtoto, kisha likakaguliwa tena, ni dalili ya mwalimu anayerudi nyuma kuhakikisha. Kwa maoni yangu hakuna kipimo kinachozidi hicho. Tazama na tarehe pia: zikiruka wiki mbili, kisha tatu, uliza kulikuwa na nini. Kwenye hesabu angalia kama njia ya kufikia jibu imeandikwa au ni majibu matupu yaliyopangwa.

Ukimaliza, mwombe mwalimu ruhusa, umpe mmoja wa watoto hao aya fupi kutoka kitabu ambacho hajawahi kukiona. Asome kwa sauti, kisha akueleze kwa Kilugbara, Kiswahili au Lingala alichosoma. Wako watoto wanaosoma Kiingereza kizuri cha kupendeza masikioni na hawawezi kukwambia ni nani aliyekwenda sokoni. Hao wamefundishwa kutamka. Kipimo hiki hakihitaji mzazi aliyesoma sana, na shule nzuri haitakukatalia. Ikikukatalia kwa maneno mengi, shukuru na uendelee na safari.

Matokeo ya mitihani yanahitaji jicho kali zaidi, kwa sababu hubandikwa ukutani ili kuvutia. Mtihani wa mwisho wa shule ya msingi Uganda una masomo manne, jumla bora ni 4 na mbaya kabisa ni 36. Daraja la kwanza ni 4 hadi 12. Shule ikijivunia daraja la kwanza tupu, uliza wanafunzi wangapi walikuwa darasa la sita mwaka uliotangulia. Kama nusu yao hawakuandikishwa kufanya mtihani, sifa hiyo imetengenezwa kwa kuwaondoa wanyonge. Upande wetu, EXETAT, mtihani wa diploma ya Serikali mwishoni mwa sekondari, hutoa asilimia, na kufaulu kunaanzia 50. Shule iliyofaulisha wote kwa 50 na 52 si sawa na iliyofaulisha robo tatu kwa 60 na zaidi. Usisahau kwamba humanite, yaani sekondari ya juu, zina michepuo: shule yenye jina katika Pedagojia inaweza kuwa na maabara ya Kemia na Biolojia ambayo chupa zake zimejaa vumbi. Ingia uione.

Kwa kuwa elimu ya msingi ya serikali Kongo ilitangazwa kuwa bure Septemba 2019, uliza pia swali ambalo wazazi wengi huliona aibu: walimu wangapi wako kwenye orodha ya mishahara ya serikali? Mwalimu asiyelipwa huondoka katikati ya mwaka, na mtoto wako hubaki na daftari lenye mapengo ya tarehe.

Shule za zamani zina faida moja kubwa. St. Joseph's College Ombaci, Mvara na Muni Girls upande wa Arua, au za Wakatoliki na za kanisa la CECA 20 upande wetu, zina wahitimu wanaoishi miongoni mwetu. Kaa nao, uzungumze nao. Shule iliyofunguliwa juzi inaweza kuwa njema, ila haina shahidi.

Halafu kuna jambo la cheti, ambalo familia za kigeni kule Ulaya zimerahisishiwa. Mfanyakazi anayehamishwa kutoka Brussels kwenda Luxembourg humtoa mtoto katika Shule ya Ulaya na kumwingiza katika nyingine ya mfumo uleule ulioanza Luxembourg mwaka 1953. Anayeishi Geneva ana bakaloreati ya kimataifa iliyozaliwa hapo mwaka 1968. Mtihani unamfuata mtoto. Kwetu haumfuati. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini diploma ya Serikali na vyeti vya Uganda bado ni vitu viwili, na kila kimoja kikivuka mpaka kinahitaji kulinganishwa rasmi kabla ya chuo kikuu kumpokea mwenye nacho.

Kwa hiyo anza na mlango wa kutokea. Ukitaka mtoto asome udaktari au sheria Kongo, abaki kwenye Kifaransa au arudi mapema. Ukitaka aingie chuo kikuu cha Muni au cha Makerere, atahitaji mitihani ya kidato cha sita na angalau masomo mawili makuu aliyofaulu. Na kama ni lazima kumhamisha, mhamishe kwenye viungo: baada ya mtihani wa mwisho wa msingi, au kabla ya kuanza humanite. Kumng'oa darasa la tano ni kumrudisha nyuma, maana mtoto wa Kifaransa huwekwa chini kwa sababu ya Kiingereza hata kama hesabu anaijua. Kalenda nazo hazipatani: huku mwaka huanza Septemba, kule Februari. Panga atakachofanya katika miezi hiyo ya katikati. Kozi ya lugha ndiyo matumizi bora.

Kuhusu usalama wa masomo, hakuna mji wenye dhamana. Mkoa wetu wa Ituri uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, nayo Uganda ilifunga shule kwa korona kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, ingawa madarasa machache yaliitwa kwa zamu.

Bweni lipime usiku. Waulize wanafunzi nani analala nao, nani ana ufunguo, mgonjwa hupelekwa wapi. Orodha ya godoro, sanduku, ndoo na fagio ni jambo dogo. Zigeuze tu bei kuwa shilingi, na uweke akiba, kwa sababu dola na franga hazikai mahali pamoja.

Mtoto akiwa Arua, mpe Kifaransa cha kusoma kila likizo. Akiwa Bunia, mpe Kiingereza. Kiswahili atakipata kote, kwani Uganda imekifanya cha lazima katika miaka miwili ya kwanza ya sekondari tangu mtaala wa 2020, na hapo mtoto wetu huanza akiwa mbele ya wenzake.

Kabla ya kulipa karo, linganisha jina la mtoto kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye buletini, herufi kwa herufi, pamoja na mpangilio wa majina. Liandikishwe hivyohivyo kwenye mtihani wa taifa wa nchi yoyote utakayochagua, kwa sababu kulisahihisha baadaye ni kazi ya ofisi za Kampala au Kinshasa.