Nani Aliosha Mitungi?

Niliisoma Petals of Blood mara ya kwanza chuoni, kabla sijaacha masomo. Tulifundishwa kwamba Theng'eta ni ishara ya mali ya wanakijiji inayoporwa na mabepari. Nikaandika hivyo kwenye mtihani, nikapita. Mwaka huu nimeirudia hapa Kesses, jerikeni yangu ya asali ikitoa povu kando ya kiti, na swali limebadilika: nani aliosha mitungi?

Kwa wasiokijua kitabu, Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki 2025, alikitoa mwaka 1977. Kijijini Ilmorog, ajuza Nyakinyua ndiye anayejua siri ya Theng'eta, kinywaji cha nafaka na mmea wa porini ambacho wakoloni walikipiga marufuku. Wanakitengeneza, wanakinywa pamoja, na siri za watu zinamwagika. Baadaye mjukuu wake, Wanja, anakiuza akishirikiana na Abdulla. Mwishowe biashara inawaponyoka, na Mzigo, Chui na Kimeria wanakuwa wakurugenzi wa kiwanda.

Sehemu ya kutengeneza ndiyo tamu zaidi, maana mwandishi hana haraka. Lakini kadiri Theng'eta inavyogeuka biashara, ndivyo harufu yake inavyopotea ukurasani. Inabaki hoja. Hoja ni ya kweli, sikatai, ila mtengenezaji mwenyewe anafifia.

Mimi hutengeneza pombe ya asali, ile Wakalenjin huita kipketinik. Asali kipimo kimoja, maji vuguvugu vinne, na tunda kavu la mwegea la kuchachusha. Kesses ni baridi bana. Ikifika Julai chachu inalala kabisa. Mzee wangu ni mtu wa boda, na usiku huvua jaketi lake la kazi akaifunika jerikeni. Asali huifuata mwenyewe Kerio. Na wala hanywi! Majirani wakimwuliza kama mke aliacha chuo ili apike pombe, hujibu tu, "Ngojeni iive."

Ndiyo maana safari hii nimemsoma Abdulla upya. Darasani alikuwa mpiganaji wa Mau Mau aliyesahauliwa, mwenye mguu mmoja, basi. Lakini tazama: ndege inaanguka Ilmorog, inamwua punda wake, msaada wake mkubwa. Watu wanamiminika kuitazama, Wanja anaona soko, na huyu aliyepoteza punda anaingia kazini naye. Kila kitu kinapoporwa, anaishia kuuza machungwa barabarani. Ngũgĩ anamtumia kuonyesha historia ilivyowatupa watu wake, na anafaulu. Ningependa angekaa naye kidogo zaidi kama mtu aliyebeba wazo la mwenzake mgongoni.

Naandika hivi kwa sababu mwezi jana kodi ya nyumba ilichelewa, na malipo ya makala hayakuwa yameingia. Nikamwambia mzee tuanze kuuza. Nilitarajia afurahi. Akasema, "Ukiuza, nitaosha mitungi. Usipouza, bado nitaosha."

Kitabu kimenitia hofu ya kuuza, na ni hofu ya haki: jambo ulilolipenda likishapewa leseni, laweza kupewa mwingine kesho. Kisome, hasa ile sehemu ya Nyakinyua, pole pole. Mimi bado sijaamua. Jerikeni imebakisha siku nne, na jaketi liko juu yake.