Gurudumu na Ardhi ya Naivasha

Gari la mashindano husifiwa zaidi kwa injini yake, ilhali nguvu yote ya injini hiyo, pamoja na kila amri ya usukani na breki, hufika ardhini kupitia vipande vinne vya mpira ambavyo kila kimoja hukaribia ukubwa wa kiganja cha mkono. Ubunifu wa rimu na tairi kwa hiyo unastahili heshima ya juu katika uhandisi, na ukitaka kuupima vilivyo, upeleke Naivasha, mji ambao umekuwa makao ya mashindano ya magari ya Safari Rally tangu mashindano hayo, yaliyoanzishwa mwaka 1953, yaliporejeshwa mwaka 2021 katika ubingwa wa dunia ambao yalikuwa hayajashiriki tangu 2002.

Ardhi inayouzunguka mtaa wa Kihoto, ulio mjini humo, na Ziwa Naivasha ni zao la volkano. Kule Kedong, chini ya mlima Longonot, majivu ya kale yamesagika yakawa vumbi laini mno, ambalo madereva huliita feshifeshi, nalo hufunika mawe yasiyoonekana hadi yamekwisha kugongwa. Olkaria na Eburru kuna obsidiani, yaani kioo cha volkano, ambacho watu wa kale walikichonga kuwa visu kwa sababu ya makali yake. Mvua inaponyesha, vumbi hilo hugeuka tope zito, na tangu mashindano yalipohamishwa kutoka Juni hadi Machi mwaka 2024, hatari ya mvua imezidi kuingia katika hesabu za mafundi.

Mbele ya ardhi ya namna hiyo, kila uamuzi wa mbunifu una gharama yake. Kwenye barabara za lami, magari ya daraja la juu hutumia rimu ya inchi 18 na tairi la 235/40, maana yake upana wa milimita 235 na ukuta wa pembeni ambao kimo chake ni asilimia 40 ya upana huo, yaani kama sentimita 9. Kwenye barabara za vumbi na changarawe, rimu hushuka hadi inchi 15, na tairi la 205/65 huwa na ukuta wa zaidi ya sentimita 13, ili mpira na hewa vipokee pigo la jiwe kabla halijaifikia rimu. Ukuta huo mrefu hujipinda kwenye kona na kuchelewesha kidogo itikio la usukani, lakini huliwezesha gari kufika mwisho.

Rimu yenyewe hutengenezwa kwa aloi ya alumini, kwa kuwa gurudumu ni uzito usiobebwa na springi, na kadiri uzito huo unavyopungua ndivyo tairi linavyowahi kurudi ardhini baada ya kila shimo. Hata hivyo, rimu iliyopunguzwa kupita kiasi hupasuka, hivyo mbunifu huondoa metali pale ambapo mkazo ni mdogo na kuiacha kwenye ukingo na penye nati. Mpira laini hushika tope vizuri lakini huliwa upesi na mawe, na ule mgumu hudumu ila huteleza. Meno ya tairi yaliyoachana hutema tope, lakini yakiachana mno huyaruhusu mawe kufikia kiunzi cha nyuzi kilichomo ndani. Upepo mwingi ndani ya tairi huilinda rimu na kupunguza mshiko. Gharama hizo huamua hata mshindi: katika Safari Rally ya mwaka 2022 Sébastien Ogier, bingwa wa dunia wa mwaka uliotangulia, alipoteza uongozi kwa pancha moja huko Kedong, na ushindi ukamwendea Kalle Rovanperä.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na ustadi wa mbunifu wa magurudumu umo katika kuamua mapema ni lipi liponyoke. Hakuna gurudumu bora kwa kila mahali; lipo lililosomewa ardhi yake kwa makini, likapewa kila ambacho ardhi hiyo inadai na kunyimwa ambacho haidai. Usomaji huo wa ardhi, unaohitaji elimu ya metali, kemia ya mpira na subira ya miaka ya majaribio, ndio unaoifanya kazi hii kuwa sanaa kamili, na kila kasi inayoshangiliwa na mashabiki kandokando ya barabara za Naivasha ni matunda yake.