Rimoti ya Kuseti: Namna ya Kumpima Fundi

Anayetoka kambi ya Nakivale kuja Mbarara kuseti rimoti huiacha TV nyumbani. Nani abebe kioo kwenye bodaboda kwa ajili ya kitu cha ukubwa wa kiganja? Anafika mtaa wa Ruti, anataja jina la TV, fundi anaingiza kodi, yaani namba ya kuseti, taa nyekundu inazimika, analipa, anarudi. Jioni, kule Rubondo kambini, TV inawaka na sauti inapanda. Kitufe cha AV ndicho kisichojibu, na bila hicho picha ya dekoda haipatikani. Tangu Uganda izime matangazo ya analojia mwaka 2015, TV kuukuu isiyoweza kuhamia AV huonyesha chenga tu. Itabidi apande gari tena.

Kwa hiyo mimi humpima fundi kwa maswali yake kabla ya kutazama mikono yake. Anayeuliza jina la TV peke yake simpi kazi. Kampuni moja huweza kuwa na kodi kadhaa, na TV za bei nafuu zenye majina mbalimbali usoni mara nyingi huwa na bodi ileile ndani. Fundi mzuri anataka picha ya kibandiko cha nyuma, penye namba ya modeli, tena anauliza rimoti ya kwanza ilikuwa na umbo gani.

Rimoti nyingi husema kwa mwanga ambao jicho halioni, unaopepesa mara 38,000 hivi kwa sekunde. Mapigo hayo hubeba anwani ya chombo na namba ya kitufe. Kodi mbili huweza kukubaliana kwenye kitufe cha kuwasha, zikaachana kwenye AV na menyu. Hapo ndipo wengi hukosea wanapoiachia rimoti itafute yenyewe: inapita kodi moja baada ya nyingine, TV inazimika, fundi mvivu anasema tayari. Mwenye subira huendelea na kodi inayofuata, na nyingine, analinganisha, kisha anaandika kwenye daftari. Nikiona daftari lililochakaa mezani, navuta kiti.

TV ikiwa mbele yenu, mwombe aanze na AV, kisha menyu na mishale yake. Sauti iwe ya mwisho. Halafu toeni betri, mbonyeze kitufe chochote kumaliza chaji iliyobaki, msubiri dakika tano, mzirudishe. Rimoti hafifu itakuwa imesahau kila kitu, usiinunue.

TV ikiwa imebaki kambini, fundi bora hukuandikia kodi tatu au nne kwenye karatasi, na kukufundisha kuziingiza: shikilia SET mpaka taa iwake, andika namba, jaribu. Kwangu mimi karatasi hiyo ina thamani kuliko rimoti yenyewe, na anayeitoa bila kuombwa ndiye fundi.

Nawe usitupe rimoti ya zamani hata kama baadhi ya vitufe vimekufa. Mara nyingi ni mpira tu uliochakaa au kushika uchafu. Ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu ubonyeze: ukiona nuru ya zambarau, ingali inasema, na rimoti ya kunakili itajifunza kutoka kwake zikiwekwa uso kwa uso. Ukija Ruti, njoo nayo mfukoni.