"Mwani" Usio Mwani: Istilahi za Virusi vya Sianobakteria

Rasimu ya mwongozo kwa maofisa wa maji na mifugo mkoani Singida imetufikia ili istilahi zake zitolewe maoni. Shabaha yake ni njema: kueleza utando wa kijani utandao juu ya maziwa na malambo, pamoja na virusi viushambuliavyo. Hata hivyo, baadhi ya maneno yake yanapotosha.

Tuanze na "mwani wa kijani-buluu". Kwa msemaji wa pwani, mwani ni ule wa baharini, ulimwao Unguja na kuanikwa juani. Mtu wa Singida hana picha hiyo, na aliye nayo atapotea zaidi. Viumbe hivi si mimea. Ni bakteria wajitengenezeao chakula kwa mwanga wa jua. Kosa si la mfasiri peke yake, kwani hata Kiingereza kimeng'ang'ania jina la kale. Sianobakteria latosha kwa mtaalamu. Kwa mfugaji, "utando wa kijani" litaeleweka bila kamusi.

Rasimu yaandika "virusi huyu" mahali pamoja na "virusi hivi" pengine. Upatanisho wa ki-vi umekwisha kuzoeleka: kirusi kimoja, virusi viwili. Wachelea kwamba kirusi kitachanganywa na lugha ya Warusi, herufi kubwa itawatoa hofu.

Tatizo kubwa zaidi li katika "mzunguko wa ukuaji". Mwaka 1939, Ellis na Delbrück walipopima jinsi virusi vya bakteria viongezekavyo, walitumia neno la Kiingereza lenye maana ya kukua, nalo limedumu. Kwa Kiswahili hukua mtoto, hukua mtama, hata deni hukua. Kirusi hakikui. Hujibandika kwenye seli, huingiza vinasaba vyake, na seli hiyo hulazimika kuunda virusi vipya hadi ipasuke. Kwa kuwa atendaye kazi ni seli, kauli ya kutendwa ndiyo ifaayo: mzunguko wa uzalishwaji wa virusi. Neno "mwenyeji" kwa seli ishambuliwayo nalikubali, ingawa huu ni ugeni ambao mwenyeji ndiye akabidhiwaye jembe.

Kipindi ambacho ndani ya seli hakipatikani kirusi kamili hata kimoja kimeitwa "kipindi cha kupatwa", kana kwamba ni jua. Kiitwe kipindi cha kutoonekana. Vilevile "ukubwa wa mpasuko" utamfanya msomaji aulize mpasuko una upana gani, ilhali kinachohesabiwa ni virusi vitokavyo katika seli moja. Mazao ya seli ni bora.

Lililo zito kuliko yote ni neno dogo: "hufa". Rasimu yasema seli iliyoshambuliwa "hufa", basi. Baadhi ya sianobakteria wana sumu ndani ya seli zao, na seli ipasukapo sumu hiyo humwagika majini. Ofisa aliyesoma "hufa" ataona utando umetoweka, naye aruhusu ng'ombe wanyweshwe. Iandikwe: hupasuka na kumwaga vilivyomo.

Mwisho ni mfano wa Ziwa Nakuru, Kenya. Rasimu yadai kuwa virusi "viliwaua korongo". Korongo ni ndege mwingine. Hawa ni heroe. Tena hawakuuawa na virusi. Peduzzi na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, walieleza kwamba virusi viliangamiza sianobakteria wa jenasi ya Arthrospira, chakula kikuu cha heroe wadogo. Chakula kilipopungua, idadi ya ndege ziwani ikashuka sana. Kupungua ziwani si lazima kuwe kufa, kwani heroe huhamahama kati ya maziwa ya magadi, na huonekana pia katika maziwa ya Singida na Kindai. Mwananchi akiisoma sentensi hiyo ilivyo, atadhani kila heroe atuaye Kindai ana ugonjwa wa kuambukiza. Iandikwe upya kabla rasimu haijapigwa chapa.