Billie Holiday na Ufundi wa Kuchelewa

Sauti ya Billie Holiday, mwimbaji wa jazi wa Marekani, ilikuwa nyembamba, na kati ya noti yake ya chini na ya juu palikuwa na oktava moja na kidogo tu. Bessie Smith, malkia wa bluzi ambaye Holiday alikua akisikiliza santuri zake huko Baltimore, alijaza ukumbi bila kipaza sauti. Holiday hakujaliwa koo la namna hiyo.

Alichokuwa nacho ni wakati.

Sikiliza wimbo "What a Little Moonlight Can Do", aliourekodi New York Julai 1935 na kundi la mpiga piano Teddy Wilson. Bendi inakimbia, haimsubiri mtu. Holiday analiacha pigo lipite, ndipo analitua neno. Mstari unapoisha anakuwa ameshawafikia wenzake. Msikilizaji mgeni hudhani amepotea, kumbe hesabu yote anayo kichwani. Somo hilo alilichota kwa mpiga tarumbeta Louis Armstrong, na kuanzia 1937 akapata mwenza wa kufanana naye studioni, mpiga saksafoni Lester Young.

Melodi nayo aliipunguza. Noti zilizopanda mno aliziteremsha, nyingine akazirudia palepale, mpaka wimbo ukakaribia mazungumzo. Kipaza sauti cha umeme, kilichoingia studioni miaka ya 1920, kilimwezesha kuimba kama anayemnong'oneza mtu mmoja.

Mwaka 1939 ufundi huo ulibeba mzigo mzito: "Strange Fruit", wimbo wa Abel Meeropol kuhusu Weusi walionyongwa mitini Kusini mwa Marekani. Kampuni ya santuri ya Columbia ilikataa kuurekodi. Milt Gabler wa kampuni ya Commodore akakubali. Katika santuri ya dakika tatu hivi, Holiday anakaa kimya zaidi ya dakika nzima huku vyombo vikiandaa njia. Kwenye klabu ya Café Society wahudumu waliacha kuhudumu, taa zikazimwa, ukabaki mwanga mmoja usoni mwake. Ulikuwa wimbo wa mwisho, na akishaumaliza alikuwa harudi jukwaani.

Alipoirekodi albamu ya "Lady in Satin" mwaka 1958, pombe na heroini zilikuwa zimemkwaruza koo. Pumzi ni fupi, noti zinatetemeka juu ya fidla. Lakini maneno bado yanatua nyuma kidogo ya pigo, palepale alipoyataka. Alifariki Julai 1959, akiwa na miaka 44.