Kielezi cha Kiingereza: Neno au Kazi?

Fasili inayokaririshwa katika vitabu vingi vya shule husema kwamba kielezi cha Kiingereza ni neno linaloarifu zaidi kuhusu kitenzi, kivumishi au kielezi kingine. Fasili hiyo ni kapu tu: kila neno lililokosa makao hutumbukizwa humo. "Very" halikai na kitenzi kabisa. "Frankly" nalo huweza kukiacha kitenzi likamhusu msemaji mwenyewe.

Sidney Greenbaum, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu matumizi ya vielezi vya Kiingereza, na baadaye pamoja na Quirk, Leech na Svartvik katika sarufi yao ya 1972, walizitenga kwa makini kazi za vielezi katika sentensi. Walizigawa sehemu tatu: ile iliyofungamana na muundo wa sentensi yenyewe, ile inayotoa kauli ya msemaji juu ya sentensi, na ile inayoiunganisha sentensi na iliyotangulia. Kipimo chao kimojawapo ni ukanushi, na manufaa yake hudhihirika upesi katika tafsiri. Tuchukue "He did not speak frankly" na "Frankly, he did not speak". Sentensi ya kwanza yakiri kwamba mtu alisema, ila alificha jambo. Ya pili yadai kwamba hakusema lolote. Asiyeficha hapo ni msemaji. Mkalimani wa mahakamani akizitafsiri zote mbili kwa "waziwazi", ushahidi umegeuka, na huenda mtu akafungwa kwa ajili ya kielezi.

Kasoro yaanzia katika sarufi yao kubwa ya 1985. Humo waliongeza sehemu ya nne, wakaweka pamoja "only" linalobagua, "kindly" la adabu na "really" la kutilia mkazo. Kinachoyaunganisha, wasema, ni kuwa na daraja ya chini kuliko viambajengo vingine vya sentensi. Je, hilo si lile kapu lililookotwa tena jalalani?

Kwa mwalimu wa Kiswahili tatizo ni zito zaidi, maana istilahi "kielezi" hubeba neno na kazi kwa pamoja: "upesi" ni kielezi, "kwa miguu" vilevile. Isitoshe, kazi ambayo Kiingereza hukipa kielezi, Kiswahili mara nyingi hukabidhi kitenzi. "Already" limo ndani ya "ameshafika", na "yet" la ukanushi limo ndani ya "hajafika". Mwanafunzi aliyezoeshwa kusaka neno kwa neno hulundika "tayari" kila mahali, wala hatambui kwamba kitenzi kimekwisha kusema.